Stendi ya monita: jinsi ya kupata iliyo nzuri na isiyotikisika

Mtu akitaka stendi ya monita, kwa kawaida huanza na picha. Anaona ubao unaong'aa juu ya meza nyeupe, au mkono wa chuma umebeba skrini kana kwamba haina uzito, anaagiza. Picha haijui macho yako yako usawa gani, monita yako ina kilo ngapi, wala meza yako imetengenezwa kwa nini. Mambo hayo matatu ndiyo yanayoamua, na yote unaweza kuyapima leo jioni ukiwa na futikamba na mzani wa bafuni.

Nitaanza na vipimo, kisha aina za stendi, halafu nitakaa kwa muda mrefu kwa fundi seremala. Naamini kwa dhati kwamba kwa sisi tunaoishi karibu na mafundi wazuri wa mbao, watu wengi watapata stendi bora zaidi kwa kuchongesha kuliko kwa kununua. Mkono wa chuma wa dukani nao una mahali pake, na hapo nitakuwa wazi pia.

Hatua ya 1: Pima macho yako

Kaa kwenye kiti chako cha kazi kama unavyokaa kila siku. Miguu iwe sakafuni, mgongo umeegemea, mikono kwenye kibodi. Mwombe mtu apime kutoka juu ya meza hadi usawa wa mboni ya jicho lako. Kwenye meza ya kawaida, yenye kimo cha sentimita 73 hadi 75, watu wazima wengi hupata kati ya sentimita 40 na 50. Iandike namba hiyo.

Sasa pima monita yako ikiwa kwenye mguu wake wa asili, kutoka juu ya meza hadi ukingo wa juu wa sehemu inayowaka. Toa namba ya pili kwenye ya kwanza, kisha punguza sentimita 2 hadi 5. Kinachobaki ndicho kimo cha stendi unayoihitaji.

Tuchukue mfano. Macho yako sentimita 46 juu ya meza, na monita ya nchi 22 inafika sentimita 38. Tofauti ni 8. Ukipunguza 3 unabaki na 5. Stendi yako inatakiwa kuwa na kimo cha sentimita 5 tu! Stendi nyingi za dukani zina sentimita 10 hadi 15. Ukinunua ya 12, ukingo wa juu wa skrini utafika sentimita 50, yaani 4 juu ya macho, na siku nzima utakuwa umeinua kidevu. Maumivu ya shingo ambayo watu huyatibu kwa kununua stendi mara nyingine huletwa na stendi yenyewe.

OSHA ya Marekani, idara ya serikali inayosimamia usalama kazini, inashauri ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho au chini kidogo, katikati ya skrini pawe nyuzi 15 hadi 20 chini ya mstari wa macho, na skrini iwe umbali wa sentimita 50 hadi 100. Kuna sababu nyingine ya kupenda skrini iliyo chini kidogo, na anayefanya kazi kwenye kiyoyozi ataielewa haraka: ukitazama chini, kope hufunika sehemu kubwa zaidi ya jicho, na jicho halikauki upesi. Kwa hiyo kama huna uhakika, kosea upande wa chini. Stendi fupi unaweza kuiongezea vibao chini ya miguu. Ndefu itabidi ikatwe.

Wanaovaa miwani yenye sehemu ya kusomea chini na ya kuonea mbali juu washushe zaidi, sentimita 3 hadi 5 nyingine, na walaze skrini kidogo kwa nyuma. Wasipofanya hivyo watakuwa wakirudisha kichwa nyuma kila wanaposoma mstari.

Hatua ya 2: Uzito na mgongo wa monita

Monita ya nchi 24 bila mguu wake huwa na kilo 3 hadi 4 hivi. Ya nchi 27 huwa kati ya 4 na 6. Zile pana za nchi 34 hufika 6 hadi 8, na za nchi 49 huvuka 10. Usikisie. Namba iko kwenye karatasi ya maelezo au kwenye tovuti ya kiwanda, na mara nyingi hutolewa mbili: uzito pamoja na mguu, na uzito bila mguu. Kwa stendi ya ubao unahitaji ya kwanza, kwa mkono wa chuma ya pili.

Halafu geuza monita utazame mgongo. Matundu manne ya skrubu yaliyopangwa mraba yanafuata kipimo cha VESA, jumuiya ya viwanda vya vifaa vya video iliyokubaliana jinsi skrini zinavyofungwa. Kwa monita za mezani, umbali kati ya tundu na tundu ni milimita 75 kwa 75 au 100 kwa 100, na skrubu ni za M4, yaani zenye kipenyo cha milimita 4. Ukikuta vipimo hivyo, karibu mkono wowote sokoni utaingia. Usipoyaona usikate tamaa mara moja: kwenye monita nyingi za ofisini matundu yamejificha nyuma ya mguu, na huonekana ukishabonyeza kitufe cha kuuachilia. Monita nyembamba za bei nafuu ndizo ambazo mara nyingi hazina kabisa. Ziko fremu za chuma za kuzishika kwa kingo, lakini kwa maoni yangu haziipendezi meza hata kidogo. Monita ya namna hiyo ichongeshee ubao.

Hatua ya 3: Kagua meza kabla ya kutoa pesa

Simama, shika ukingo wa meza, itikise. Ikicheza, hakuna stendi duniani itakayotulia juu yake. Kaza bolti za miguu, weka kabari penye sakafu isiyo sawa, au piga ubao wa kukaza nyuma kati ya miguu miwili. Kazi hiyo ni ndogo na inaleta tofauti kubwa kuliko kubadilisha stendi.

Kwa stendi ya ubao inayokaa tu juu ya meza, yatosha hapo. Anayetaka mkono wa chuma aendelee kusoma kwa makini, maana mkono hushika meza kwa kibano mahali padogo sana. Chukulia monita ya kilo 6 iliyovutwa sentimita 50 kutoka kwenye nguzo yake. Ikiwa kitako cha kibano kina sentimita 10, uzito huo unageuka kuwa msukumo wa karibu kilo 30 kwenye ukingo wa kitako, juu ya nguvu ya kibano chenyewe. Mbao ngumu ya milimita 25 haijali. Chipibodi ya milimita 16 iliyovikwa karatasi ya plastiki itabonyea taratibu, nguzo ianze kuinama mbele, na siku moja utakuta ukingo umevimba na kupasuka. Dawa yake ni vipande viwili vya bati nene la chuma, kimoja juu na kimoja chini ya meza, ili msukumo usambae. Vinauzwa tayari, na fundi wa kuchomelea anaweza kukukatia: milimita 3 za unene, sentimita 15 kwa 10, kingo zimepigwa tupa, upande unaogusa meza umebandikwa mpira.

Meza ya kioo usiifunge kibano. Hata kikiwa kioo kinene, hata muuzaji akikuhakikishia.

Angalia pia chini ya ukingo wa nyuma wa meza. Meza nyingi zina paipu au ubao unaopita hapo, na kibano hakipati pa kushika. Pima nafasi, pima unene wa meza, ulinganishe na karatasi ya stendi. Na kama meza imegusa ukuta, kumbuka kwamba mkono ukikunjwa kiwiko chake hutokeza nyuma. Usipoacha nafasi, hutaweza kuirudisha skrini mbali nawe, na hiyo ndiyo iliyokuwa faida kubwa ya mkono.

Hatua ya 4: Amua aina

Kabla ya kuamua, swali moja kwa wenye monita za mtumba, na tuko wengi: je, mguu wake wa asili unapanda na kushuka? Monita zilizotoka kwenye maofisi ya Ulaya na Marekani, Dell na HP hasa, mara nyingi ziliuzwa na miguu mizito inayopanda, kulala na kuzunguka. Wauzaji huitenganisha wakati wa kusafirisha, na unaweza kuuziwa kioo peke yake. Uliza mguu wake kwanza. Ukipatikana, na ukashuka hadi kimo ulichopiga hesabu, huna haja ya stendi nyingine.

Kama haupo, au haupandi, una njia tatu za kweli. Ubao wenye miguu, ambao monita inakaa juu yake na kibodi inasukumwa chini yake ukimaliza kazi. Mkono wenye springi, unaosogea pande zote. Na nguzo isiyo na springi, ambayo monita hupandishwa na kukazwa kwa skrubu. Hii ya mwisho haipendwi sana kwa sababu haina mbwembwe, lakini kwa mtu mmoja anayetumia meza moja kimo kile kile kila siku ni imara kuliko mkono wa springi wa bei ile ile, na ndani yake hamna cha kuchoka.

Kipimo changu ni hiki. Meza yenye kina cha sentimita 70 au zaidi, mtumiaji mmoja, monita moja: ubao. Meza ya kina cha 60 kushuka, au monita ya nchi 32 kwenda juu: mkono, kwa sababu unahitaji kuisukuma skrini hadi karibu na ukuta. Meza inayotumiwa kwa zamu na watu wa vimo tofauti: mkono. Monita mbili: mkono kama meza ni nzito, ubao mrefu kama meza ni ya chipibodi.

Wenye laptopu wanaoitumia kama skrini ya pili: stendi yoyote itafaa mradi ununue kibodi na kipanya vya pembeni. Kuinua laptopu huku ukiendelea kuchapa kwenye kibodi yake huokoa shingo na kuumiza mabega.

Hatua ya 5: Kwa fundi

Dar es Salaam watu huenda Keko, Nairobi huenda Gikomba au kwa mafundi wa kando ya Ngong Road, na kila mji una mtaa wake wa msasa na vumbi la mbao. Stendi ni kazi ndogo. Fundi mwenye oda ya kitanda na kabati anaweza kuipa mabaki na dakika zilizobaki, kwa hiyo nenda na mchoro wenye vipimo na ujue unataka nini.

*Mbao.* Mninga ndio ninaoupendekeza kwanza. Ukishakauka hausinyai wala kuvimba sana hali ya hewa ikibadilika, na rangi yake ya kahawia yenye michirizi ya wekundu inakaa vizuri sana chini ya monita nyeusi. Mvule ni wa njano-kahawia ukiwa mpya, hukolea kadiri unavyopata mwanga, na mchwa hawaupendi. Mtiki, kama ule wa mashamba ya Longuza kule Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro, una mafuta yake ya asili: mwambie fundi aufute kwa tina kabla ya gundi na vanishi, la sivyo havishiki vizuri. Mkongo ni mzito na mwekundu, mzuri kwa anayetaka kitu cha kudumu. Msonobari wa Sao Hill ni mwepesi na wa bei nafuu, unapendeza ukiachwa na rangi yake, ila ni laini: mguu wa monita utaacha alama. Kagua usiwe na vitundu vidogo vinavyotoa unga, hiyo ni dalili ya wadudu ndani.

MDF, ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, ni sawa ikiwa utaipaka rangi na chumba ni kikavu. Mwambao, penye unyevu, au kwenye meza inayomwagikiwa chai, huvimba kingo na hairudi. Plaiwudi nzuri huishinda.

*Ukavu.* Hapa ndipo stendi nyingi za kuchongesha huharibika, na hakuna vanishi itakayoficha. Mbao mbichi ikipelekwa kwenye chumba chenye kiyoyozi hupinda, miguu miwili ikabaki hewani. Usiishie kuuliza kama imekauka. Omba fundi akukatie kipande kutoka kwenye ubao ule ule, kiasi cha nusu kilo. Kipime kwa mzani wa jikoni, kiache kwa wiki moja kwenye chumba ambamo stendi itakaa, ukipime tena. Kikishuka kutoka gramu 500 hadi 490, nenda kafanye kazi. Kikishuka hadi 470, chagua ubao mwingine au subiri. Fundi mwenye kipimaji cha unyevu atakuonyesha namba. Pwani, asilimia 12 hadi 15 inatosha, na kwa ofisi yenye kiyoyozi mchana kutwa tafuta kavu zaidi ya hapo.

*Unene.* Mbao huuzwa kwa nchi, na ubao wa nchi 1 ukishapigwa randa hubaki milimita 20 hadi 22. Huo ndio unene unaofaa. Usikubali chini ya 18 kwa mbao za viwandani kama MDF na plaiwudi. Sababu iko kwenye hesabu: ugumu wa ubao dhidi ya kupinda hukua kwa mchemraba wa unene wake (unene mara unene mara unene), hivyo milimita 18 ni imara zaidi ya mara tatu kuliko 12. Ubao wa MDF wa milimita 12, wenye sentimita 60 kati ya mguu na mguu, ukibebeshwa kilo 7 katikati unapinda kama milimita 3 siku ya kwanza, na huendelea kupinda polepole miezi ikipita. Wa milimita 18 haufiki hata milimita 1.

*Miguu.* Usiiweke kwenye ncha kabisa. Iingize ndani sentimita 6 kila upande, na ubao wako wa sentimita 60 utakuwa na 48 kati ya miguu. Kupinda kunapungua kwa nusu bila kuongeza shilingi, na stendi inaonekana nyepesi kwa sababu ncha zinaelea. Kwa monita mbili, ubao wa sentimita 110 uwe na mguu wa tatu katikati: umbali ukiongezeka mara mbili, kupinda huongezeka mara nane.

Miguu ya mbao iungwe kwa ulimi na tundu, au kwa vijiti vya mbao na gundi, si kwa misumari miwili kutoka juu. Stendi ya misumari husimama wima dukani, kisha baada ya kusukumwa kushoto na kulia mara kadhaa inaanza kuyumba. Na hata ukiwa na viungo vizuri, omba ubao mwembamba wa kukaza nyuma, kati ya mguu na mguu, kimo cha sentimita 2 au 3. Ndio unaozuia kuyumba, hauonekani ukikaa, na waya zitapita chini yake.

Ukipenda miguu ya chuma, paipu ya mraba ya milimita 20 inatosha. Mwombe fundi asage maungio yalainike, azibe ncha za paipu, apake praima kabla ya rangi. Karibu na bahari usiruke praima. Skrubu zinazoingia kwenye mbao zipitie tundu refu kidogo kwenye chuma, ili mbao ipate nafasi ya kusinyaa na kutanuka bila kupasuka.

*Vipimo vya kumwandikia.* Urefu sentimita 60 kwa monita moja, au 70 ikiwa ni ya nchi 27. Upana 23 hadi 25, lakini pima kitako cha monita yako kwanza, kwa sababu baadhi ya vitako vya nchi 27 huzidi hapo. Kimo ni kile ulichopata kwenye hatua ya 1. Kama unataka kibodi iingie chini, nafasi iwe angalau sentimita 4, kwa hiyo stendi nzima haiwezi kuwa fupi kuliko 6. Ikiwa hesabu yako ilikuwa 4, acha kibodi nje; shingo ina haki kuliko nafasi ya meza.

*Umaliziaji.* Msasa namba 120, kisha 180, kisha 240, kufuata mkondo wa nyuzi za mbao. Pitisha kidole gumba kwenye ukingo wa mbele, ule utakaogusa kifundo cha mkono wako kila siku. Uwe umevunjwa pembe, milimita 2 au 3, sawasawa kutoka ncha hadi ncha. Ukingo huo peke yake hukuambia fundi ametulia au amekimbizana na muda. Geuza stendi utazame chini: vanishi lazima iwe imepakwa chini pia, idadi ile ile ya tabaka. Ubao uliozibwa juu na kuachwa wazi chini huvuta unyevu upande mmoja na kujikunja kama jani la mgomba juani. Chagua vanishi isiyong'aa. Ile ya kioo hurudisha mwanga wa skrini machoni na huonyesha kila alama ya kidole.

Lipa malipo ya awali ya mbao, ukamilishe ukishaiweka stendi juu ya meza tambarare palepale kwa fundi na kubonyeza pembe zote nne. Isicheze hata moja.

Hatua ya 6: Ukinunua mkono wa chuma

Mikono hutumia springi ya gesi au ya chuma. Kitu ambacho wanunuzi wengi hawakitazami ni uzito wa chini. Wote huuliza mkono unabeba hadi kilo ngapi. Wachache huuliza unaanzia ngapi. Mkono kama Ergotron LX umeandikiwa kilo 3.2 hadi 11.3. Ukiufunga monita ya kilo 2 utapanda wenyewe juu na kukataa kushuka. Monita yako iangukie katikati ya namba hizo mbili, isiwe kwenye ncha.

Dukani, shika nguzo kwa mkono mmoja na ncha ya mkono wa stendi kwa mwingine, tikisa kushoto na kulia. Mchezo mdogo kwenye kiungo utazidi ukining'iniza kilo 5. Gonga: alumini nene hutoa mlio mzito, bati lililokunjwa hulia. Kagua kitako cha kibano kiwe na mpira chini na upana usiopungua sentimita 10. Kama meza yako ina tundu la waya mahali panapofaa, funga kwa bolti inayopita kwenye tundu hilo, ni imara kuliko kibano.

Rangi na mpangilio

Monita nyingi ni nyeusi au kijivu. Mbao za kahawia huzipokea zote. Kama meza ni ya mninga usilazimishe stendi ya mninga pia. Rangi mbili za mbao zinazokaribiana bila kufanana huonekana kama kosa, na hapo stendi nyeusi ya chuma au rangi tofauti kabisa hupendeza zaidi. Urefu wa ubao uzidi kidogo upana wa monita au uwe mfupi dhahiri. Skrini ya nchi 24 ina upana wa sentimita 53, ya nchi 27 ina karibu 60. Ubao wa sentimita 60 chini ya nchi 27 utalingana nayo ncha kwa ncha na utaonekana umekatwa vibaya, nenda 70.

Zaidi ya hapo, kinachofanya meza ipendeze ni waya. Funga ekstensheni chini ya meza kwa skrubu, pitisha waya nyuma ya mguu mmoja tu wa stendi, tumia kamba za kunata zinazofunguka.

Kufunga na kujaribu

Kwa ubao, weka vipande vya mpira chini ya miguu isiteleze, lakini ipe vanishi wiki nzima ikauke kabla mpira haujaigusa.

Kwa mkono, anza na kibano, kisha waya, monita mwisho. Tandika kanga au taulo kitandani, laza monita kifudifudi, usikandamize kioo. Funga bamba kwa skrubu za M4 zilizokuja na mkono, zikaze kwa mkono hadi ziguse, kisha ongeza robo mzunguko. Skrubu ikigoma mapema, ndefu mno. Usiilazimishe, nyuma yake kuna mitambo ya skrini. Mgongo uliopinda au ulioingia ndani unahitaji vijibomba vifupi vya kuweka nafasi, na skrubu ndefu zaidi kwa kiasi hicho hicho.

Uwe na mtu wa pili: mmoja ashike, mwingine akaze. Monita ikishakaa, rekebisha springi kwa elenki, ule ufunguo mdogo wa pembe sita. Ikishuka yenyewe, ongeza nguvu, ikipanda, punguza. Zungusha kidogo kidogo huku umeishika. Na siku utakapoiondoa monita, upandishe mkono hadi juu kabisa kwanza. Springi iliyobanwa chini, ukiondoa uzito ghafla, hufyatuka kwa nguvu ya kuvunja taya.

Sogeza mkono mbali kabisa, karibu kabisa, juu, chini, ndipo ufunge waya. Waya uliofungwa ukiwa mfupi utang'oa tundu la monita siku utakapoivuta.

Mwisho jaza glasi ya maji nusu, iweke kwenye stendi, au kwenye meza kando ya nguzo, uchape kwa kasi yako ya kawaida. Maji yakitetemeka kidogo, sawa. Yakipiga mawimbi, rudi kwenye miguu ya meza, kisha kwenye bolti, kwa utaratibu huo. Weka pima maji juu ya ubao au juu ya ukingo wa monita. Fanya kazi siku mbili tatu kabla ya kuhukumu kimo, na ubadilishe kwa sentimita moja moja.

Baada ya mwezi kaza tena kila skrubu, kwa kuwa mbao hutulia na mpira wa kibano hubanika. Elenki, skrubu zilizobaki na karatasi ya maelezo vitie kwenye bahasha, uibandike chini ya meza. Mguu wa asili wa monita uweke kabatini: ukija kuuza monita, mnunuzi atauulizia.